Somo la pombe shuleni: Kumtisha mtoto hakutoshi

Wiki hii ningependa tuzungumzie jambo ambalo wazazi wengi hulisukuma kwa walimu, nao walimu hulirudisha nyumbani kwa wazazi. Jambo lenyewe ni jinsi ya kumkinga mtoto anayebalehe asianze kunywa pombe. Nitaanza na kisa kilichonifika mimi mwenyewe, kwa sababu ndicho kilichonifanya nibadili mawazo.

Miaka michache iliyopita nilialikwa na shule moja ya upande wa Kipevu, huku Changamwe, niwahutubie wanafunzi juu ya ubaya wa pombe. Nilikwenda na picha kubwa za ini lililoharibika na za tumbo lililofura maji. Watoto waliguna, wengine wakafumba macho. Nilizungumza kwa dakika arobaini, kisha nikauliza maswali. Mvulana mmoja wa miaka 13, aliyeketi safu ya mbele, alitaja madhara matano ya pombe bila kukosea hata moja. Alipigiwa makofi. Nilirudi kliniki nimeridhika kabisa na kazi yangu.

Wiki sita baadaye, usiku wa siku ya kufunga shule, mvulana yule yule aliletwa kwangu kwa tuktuk akiwa hajitambui. Alikuwa baridi kama samaki wa barafu, na shati lake la shule lilikuwa limejaa matapishi. Tulipompima damu tulikuta sukari imeshuka mno. Tulimlaza kwa ubavu, tukamtundikia dripu ya sukari, na gari la jirani likamkimbiza hospitali. Alipata fahamu alfajiri. Babake, ambaye usiku huo alikuwa kwenye zamu bandarini, alinijia asubuhi na kuniuliza swali moja tu: "Daktari, si wewe uliyewafundisha?"

Siku mtoto aliporudi kwangu kukaguliwa, nilimuuliza kama hakuyakumbuka yale niliyowaambia. Alijibu kwa sauti ndogo: "Niliyakumbuka yote, daktari. Lakini walikuwa wananitazama. Sikujua niseme nini."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo somo la leo. Mtoto yule hakukosa elimu ya madhara ya pombe. Alichokosa ni maneno ya kusema na mazoezi ya kuyasema, na hayo sikumpa.

Pombe katika mwili wa mtoto

Kwanza tuelewe kwa nini jambo hili si mzaha. Pombe ikishanywewa hupenya upesi kutoka tumboni na kwenye utumbo mwembamba hadi katika damu. Kiungo kinachoiondoa ni ini, nalo hufanya kazi hiyo polepole, kwa mwendo wake. Kahawa chungu, maji baridi ya kichwani au kutembezwa uwanjani haviliharakishi hata kidogo.

Wakati ini linashughulika na pombe, hushindwa kutengeneza sukari mpya ya kulisha mwili. Mtu mzima ana akiba ya kumvusha kwa saa kadhaa. Mtoto ana akiba ndogo, hasa akiwa hajala tangu mchana. Ndiyo maana mtoto aliyelewa anaweza kupoteza fahamu, kutetemeka kama mwenye kifafa, na hata kufa, kwa kiasi cha pombe ambacho mtu mzima angekunywa akaenda zake nyumbani.

Pili, kuna ubongo. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo ya jambo na kuzuia tamaa, ndiyo hukomaa mwisho, mtu akikaribia umri wa miaka 25. Kijana anayezoea pombe kabla ya hapo anaharibu nyumba ambayo bado mafundi wanaijenga. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba kati ya watu walioanza kunywa kabla ya kutimiza miaka 15, zaidi ya 40 kwa kila 100 walifikia kuwa watumwa wa pombe wakati fulani maishani. Kwa wale walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, idadi hiyo ilikuwa kama 10 tu kwa kila 100. Ni kweli kwamba baadhi ya tofauti hiyo hutokana na matatizo mengine ya nyumbani yanayomsukuma mtoto anywe mapema. Hata hivyo, kila mwaka ambao mtoto anakaa bila kuonja ni faida kwake.

Tatu, kuna aina ya pombe yenyewe. Huku kwetu pwani mtoto anaweza kuonjeshwa tembo la asubuhi ambalo bado ni tamu kama maji ya dafu. Tembo hilo huendelea kuchachuka kila saa inayopita, na la jioni, ingawa limetoka mnazi ule ule, ni kali mara kadhaa. Hatari zaidi ni pombe za vichochoroni zinazotiwa spiriti ya viwandani. Mwilini spiriti hiyo hugeuka kuwa asidi inayoua mshipa wa macho, na anayenusurika huenda akabaki kipofu. Wakenya hawajasahau mwezi wa Novemba 2000, wakati watu zaidi ya 100 walipokufa kwa pombe ya sumu jijini Nairobi. Msiba wa namna hiyo ulirudi katika kaunti ya Kirinyaga mwezi wa Februari 2024.

Kujua si kuweza

Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, elimu ya pombe shuleni ilikuwa ni kama ile hotuba yangu. Anakuja daktari, au polisi, au mtu aliyewahi kuwa mlevi. Anasimama mbele ya shule nzima, anatisha, anapigiwa makofi, anaondoka. Mpango uliopata sifa kubwa kuliko yote ulianzishwa mwaka 1983 mjini Los Angeles, Marekani, ambapo askari polisi waliingia madarasani kufundisha. Ulienea nchi nzima na kuvuka hadi ng'ambo. Wataalamu walipoulinganisha na shule ambazo hazikuwa na mpango huo, walikuta kwamba watoto walijua mengi zaidi, lakini unywaji wao ulikuwa karibu sawa na wa wenzao.

Umoja wa Mataifa umetoa mwongozo wa kuzuia matumizi ya vileo na dawa za kulevya, mwaka 2013 na tena mwaka 2018. Mwongozo huo unasema wazi kwamba kutisha peke yake, hotuba za mara moja, na ushuhuda wa walioacha ulevi havileti matokeo yanayotarajiwa.

Kwa nini iwe hivyo? Mtoto wa miaka 13 haogopi ini litakaloharibika akiwa na miaka 45. Kwake miaka 45 ni uzee. Anachoogopa ni kuchekwa kesho asubuhi. Tunapomwonyesha picha ya ini tunajibu swali ambalo hakuuliza. Swali lake ni hili: "Nitakataaje bila kuonekana mshamba?"

Somo linalosaidia likoje?

Habari njema ni kwamba yapo masomo ambayo yamejaribiwa na kuonekana kufaa. Mwaka 2011 wataalamu walikusanya majaribio 53 ya elimu ya pombe mashuleni kutoka nchi mbalimbali. Mengi hayakuwa na faida ya kuonekana. Yaliyofaa zaidi yalikuwa yale yaliyowafundisha watoto stadi za maisha, yaani jinsi ya kuamua, kukataa, kutuliza hasira na kuishi na wenzao. Mojawapo lilifanywa katika nchi saba za Ulaya, na wanafunzi wapatao 7,000 walishiriki. Wa umri wa miaka 12 hadi 14 walifundishwa na walimu wao wenyewe vipindi 12 vya saa moja moja. Mwaka mmoja na nusu baadaye, visa vya kulewa vilikuwa vichache miongoni mwao kuliko kwa wasiofundishwa. Somo hilo hilo lilipelekwa Nigeria, likajaribiwa katika shule za upili za serikali, na huko nako likapunguza unywaji.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Faida hiyo si ya muujiza. Watoto wengine watakunywa tu. Lakini katika shule yenye mamia ya wanafunzi, hata kuokoa wachache ni jambo kubwa kwa mama zao.

Ukiyatazama masomo yaliyofaulu, utaona yanafanana kwa mambo matano:

1. Huanza mapema, kabla ya mtoto kuonja. Gredi ya Sita na ya Saba ndio wakati wake. Kungoja kidato cha tatu ni kufunga zizi wakati ng'ombe wameshatoka.

2. Hufundishwa na mwalimu anayewajua watoto, kwa wiki nyingi. Mgeni wa siku moja, hata awe daktari, hawezi kuchukua nafasi yake.

3. Watoto huzungumza kuliko mwalimu. Hugawanyika makundi, huigiza, hubishana na kujibizana.

4. Husahihisha dhana kwamba "kila mtu anakunywa". Hili nitalieleza hapa chini.

5. Hufanyia mazoezi maneno ya kukataa, mpaka yatoke mdomoni bila kufikiriwa.

Mchezaji wa mpira hafunzwi penalti kwa kuhubiriwa ubaya wa kukosa. Huwekewa mpira akapiga, akapiga tena. Kukataa pombe mbele ya marafiki wanne ni penalti ya mtoto.

Mfano wa kipindi kimoja

Mwalimu anaweza kuendesha zoezi hili kwa kipindi kimoja, bila gharama yoyote ila karatasi.

Kila mwanafunzi apewe kikaratasi asichoandika jina. Aandike majibu mawili: kwanza, kama amekunywa pombe mwezi uliopita, ndiyo au hapana, pili, katika kila wanafunzi kumi wa darasa lake, anadhani ni wangapi waliokunywa. Vikaratasi vikunjwe na kutiwa ndani ya boksi. Mwalimu avihesabu kwanza faraghani, kisha kipindi kinachofuata awaeleze watoto matokeo. Mara nyingi itaonekana kwamba wanaodhaniwa kunywa ni wengi kuliko wanaokunywa kweli. Mtoto aliyedhani yuko peke yake agundua kwamba walio wengi wako upande wake.

Ikiwa mwalimu anaona matokeo ya darasa lake ni mabaya, atumie takwimu za taifa. Uchunguzi wa NACADA katika shule za msingi, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba wanafunzi waliowahi kuonja pombe walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Ule wa shule za upili wa mwaka 2016 ulionyesha kama mmoja kati ya wanne. Takwimu hizo ni za kutia wasiwasi, lakini zisome pia kwa upande wa pili: katika kila wanafunzi wanne wa upili, watatu hawajaonja. Hilo ndilo ambalo mvulana wangu hakulijua alipokuwa amezungukwa na wenzake usiku ule.

Baada ya hapo watoto wakae wanne wanne. Mmoja ashawishiwe, wengine washawishi kwa nguvu zao zote, na kila mmoja apate zamu. Kila kundi litafute njia tatu za kukataa kwa maneno yao wenyewe ya mtaani, si ya kitabuni. Wapo watakaotumia mzaha: "Babangu ana pua kama ya paka, atanijua kabla sijafika mlangoni." Wapo watakaotoa sababu: "Kesho nina mechi." Wapo watakaosema waziwazi: "Mimi sinywi, bwana, nipe soda." Na wapo watakaoona heri kuondoka, nao wafunzwe kuondoka wawili wawili, kwa sababu mmoja huvutwa shati akarudi.

Baadhi ya walimu wataniuliza wakati utatoka wapi. Nawaelewa. Mwaka 2008 somo la Stadi za Maisha liliingizwa katika shule zetu, kipindi kimoja kwa wiki, bila mtihani. Kisichotahiniwa huonewa, na mara nyingi kipindi hicho kiligeuka cha hesabu. Katika mtaala wa sasa stadi hizo zimechanganywa na masomo mengine, na ni rahisi zaidi zipotee. Walimu wakuu na kamati za wazazi ndio wanaoweza kuzilinda. Mzazi, ukienda mkutanoni, baada ya kuuliza habari za alama uliza pia: "Stadi za maisha zinafundishwa lini na nani?"

Nyumbani na mtaani

Shule hata iwe nzuri namna gani haiwezi kushindana na nyumba inayofundisha kinyume. Kipevu ni mtaa wa watu wa zamu. Kuna bandari, matangi ya mafuta na mitambo ya umeme, na malori yanapita usiku na mchana. Baba yuko kazini usiku, mama amerudi amechoka, na kati ya saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku mtoto hana wa kumuuliza aliko. Saa hizo ndizo za hatari. Kama huwezi kuwapo, panga na jirani au shangazi awe anamwona. Wazazi wa darasa moja waweza pia kukubaliana saa moja ya watoto wote kuwa nyumbani, ili asiwepo wa kusema "mbona fulani anaruhusiwa?"

Mambo kama hayo yamefanywa katika kisiwa cha Iceland. Mwaka 1998, vijana 42 kwa kila 100 wa umri wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa katika mwezi uliopita. Wazazi wakaafikiana juu ya saa za kurudi nyumbani, michezo ya jioni ikaongezwa, na sheria zikakazwa. Kufikia mwaka 2016 idadi ilikuwa imeshuka hadi 5 kwa kila 100. Sisi hatuna fedha zao, lakini kiwanja cha mpira na makubaliano ya wazazi havihitaji utajiri.

Mzazi, usimtume mtoto kununua pombe yako, hata duka likiwa mlango wa pili. Unamfundisha njia. Usimwonjeshe "kidogo tu" kwenye harusi au matanga. Najua kwamba kwa ndugu zetu Wamijikenda tembo lina heshima yake katika mahari na katika matambiko. Lakini kuheshimu mila hakuhitaji kinywa cha mtoto, na wazee wanaweza kusimamia hilo kuliko daktari yeyote. Nazo familia zinazofuata dini isiyoruhusu pombe zisidhani kwamba katazo peke yake limemaliza kazi. Dini ni ngao kubwa, lakini mtoto wa msikitini na wa kanisani pia atakutana na wale marafiki wanne, naye pia anahitaji maneno ya kusema.

Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18. Pia inataka baa iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shuleni. Mwaka 2025 sera mpya ya serikali ilipendekeza umri huo upandishwe hadi miaka 21. Mvulana wangu na wenzake walichanga pesa zao za nauli, wakauziwa na mtu mzima aliyewaona na sare zao mwilini. Ukiona kibanda au mangwe inayouzia watoto, piga ripoti kwa chifu au kituo cha polisi. Huyo si mfanyabiashara mwenzetu.

Ukimkuta mtoto amelewa

Usimchape usiku huo, na usimwache "alale imtoke". Mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe. Usimtapishe kwa vidole, wala usimpe kahawa. Mfunike asipate baridi. Akiwa yuko macho na anaweza kumeza, mpe maji ya sukari kidogo kidogo. Akiwa haamki ukimwita na kumfinya, au anapumua polepole na kwa kukatika, au ana baridi kali, au ametingishika kama mwenye kifafa, au anasema haoni vizuri, mkimbize hospitali mara moja. Chukua na chupa aliyonywea, kwani itamsaidia daktari.

Maswali yaje kesho yake, akiwa ameshiba na wewe umetulia. Usianze na "kwa nini umeniaibisha?" Anza na "ilikuwaje?" Kisha nyamaza usikilize. Ukiona jambo limekuwa mazoea, yaani anakosa shule, ameacha marafiki wa zamani, pesa zinapotea nyumbani, piga simu ya bure ya NACADA, nambari 1192, upate ushauri.

Nilirudi katika shule ile muhula uliofuata, safari hii bila picha za ini. Niliomba kuketi na walimu wawili wa Gredi ya Saba, tukapanga vipindi kumi, nao wakavifundisha wenyewe. Katika kipindi cha maigizo mvulana yule alipewa zamu ya kushawishiwa. Wenzake walimzunguka, wakamtania, wakamwita mtoto wa mama. Aliwatazama, akacheka, akasema: "Mimi nishalala hospitali kwa ajili yenu. Leo mnywe nyinyi, mimi nitawabeba." Darasa zima liliangua kicheko. Safari hii alikuwa na la kusema.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Jioni ya leo, kabla hujalala, muulize mwanao: "Marafiki wakikupa pombe, utawaambia nini?" Akikosa jibu, msaidie alitafute, kisha mlifanyie mazoezi pamoja.